Masika yamekwisha, mvua hainyeshi, mbona bati ladondosha maji alfajiri?

#1 Baba Zuhura, Kisauni
Salaam jamani. Nyumba yangu iko Kisauni, vyumba vitatu, bati la kawaida la migongo, geji 30, lilipigwa 2013. Chini yake hakuna dari isipokuwa chumba cha watoto. Masika haya yote nilikuwa naweka sufuria mahali pawili tu, sebuleni na karibu na mlango wa jikoni. Matundu yale nayajua. Mvua ilipotulia mwanzo wa Juni nikasema sasa napumua, nitengeneze taratibu kabla ya vuli.

Sasa tangu wiki iliyopita, nikiamka kuswali alfajiri nakuta matone sakafuni, na usiku hapakunyesha. Nimetoka uani nikashika mchanga, mkavu. Tena matone hayako pale pa sufuria. Yako katikati ya sebule, mstari mrefu, kama mtu amepita na kitambaa kilichorowa. Jua likipanda, saa mbili hivi, hayapo.

Fundi mmoja ameniambia bati lote limeoza, niteremshe paa nipige jipya, na hesabu aliyoitaja iliniondolea usingizi. Mwingine asema nipake lami. Kabla sijatoa hata shilingi nauliza: paa hukaguliwaje baada ya masika, na haya maji ya alfajiri yatoka wapi?

#2 Kijana wa Likoni
Pole kaka. Mimi nadhani ni maji ya masika yaliyobaki. Mbao zimekunywa mvua miezi mitatu, sasa zinayatoa kidogo kidogo.

#3 Fundi Mzee, Magongo
Baba Zuhura, usiteremshe paa kwa maneno ya mtu aliyesimama chini. Huyo fundi alipanda? Kama hakupanda, hakukagua.

Mimi nimefanya kazi hii tangu 1984. Paa hukaguliwa mara mbili kwa mwaka hapa kwetu: masika yanapomaliza, na tena Septemba kabla ya vuli. Panda asubuhi mapema, kabla ya saa tatu, maana bati la Mombasa saa tano laweza kukutoa ngozi ya kiganja. Ngazi ifungwe kamba juu, na mtu aishike chini. Ukitembea, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu hapo ndipo penye mbao. Ukikanyaga katikati umejitengenezea dimbwi, na dimbwi halikauki.

Sasa tazama msumari mmoja mmoja. Nasema mmoja mmoja. Inama mpaka uso wako uwe karibu na bati. Msumari mzima, kofia yake imelala, kijiraba kimejaa chini yake. Msumari mbovu utauona umeinuka kidogo, unene wa kucha, raba imepasuka kama midomo ya mtu mwenye homa, na pembeni pana duara la rangi ya chai. Hilo duara ndilo maji. Bati hupanuka mchana na kusinyaa usiku, kila siku ya Mungu, likimvuta msumari. Miaka kumi na mbili ya kuvutwa, lazima alegee. Mstari wako wa matone ni mstari wa misumari, sina shaka.

Lami usipake. Lami huficha ugonjwa, kisha jua huipasua na maji hukaa chini yake yakilila bati huku wewe huoni.

#4 Mama Pacha, Bamburi
Fundi kasema kweli kuhusu kupanda, ila kuhusu msumari asubiri kidogo. Kwangu tulibadilisha misumari yote ya upande mmoja, na maji yakaendelea. Mwisho tukagundua ni tangi lililo juu ya slabu ya choo: boya lake limechoka, usiku maji ya mfereji yakija kwa nguvu tangi linafurika, maji yanapita chini ya bati. Mchana mfereji mkavu, kwa hivyo hakuna kitu. Alfajiri tu, kama wewe. Una tangi juu?

#5 Baba Zuhura
Sina tangi juu, Mama Pacha. Nina pipa mbili uani, chini kabisa. Na mfereji wetu huja Jumanne na Ijumaa, matone ni kila siku.

#6 Mwalimu wa Tudor
Kijana wa Likoni, mbao haiwezi kutoa maji kwa mstari na kuacha saa mbili asubuhi. Mbao iliyorowa hukauka kimyakimya, haidondoshi.

Hili ni jasho la bati. Chukua gilasi ya maji baridi uiweke mezani, baada ya dakika tano imetoka jasho nje. Gilasi haivuji. Ni unyevu wa hewani umegusa kitu baridi ukageuka maji. Sasa tuko kipupwe. Usiku mbingu imetakata, bati linatupa joto lake juu na kupoa kuliko hewa yenyewe. Ndani mmelala watu watano, kila mmoja anapumua unyevu, na pengine kuna sufuria ilichemka jikoni usiku. Hewa hiyo inapanda, inagusa bati, inageuka matone. Matone yanateremka na mteremko wa bati mpaka yakutane na mbao, hapo yanakwama, yanaungana, yanaanguka. Ndiyo sababu umeona mstari: ni mstari wa mbao.

Jipime. Usiku wa leo kabla ya kulala, futa chini ya bati kwa kitambaa kikavu. Alfajiri mulika kwa tochi. Ukikuta matone madogo yametapakaa kote kama upele, ni jasho. Ukikuta maji penye msumari tu, Fundi ameshinda.

#7 Fundi Mzee, Magongo
Mwalimu, heshima yako. Lakini nyumba ina miaka kumi na mbili, watu ni walewale, kipupwe huja kila mwaka. Mbona jasho lianze mwaka huu?

#8 Mwalimu wa Tudor
Swali zuri. Baba Zuhura, ni nini kimebadilika nyumbani tangu mwaka jana?

#9 Baba Zuhura
Hmm. Aprili tuliziba ile nafasi iliyo kati ya ukuta na bati. Popo walikuwa wanaingia na mbu nao. Tuliziba kwa simiti na vipande vya tofali, pande zote nne.

#10 Mwalimu wa Tudor
Basi umejijibu. Nyumba ilikuwa inapumua pale. Wazee waliojenga nyumba za Majengo hawakuiacha nafasi ile kwa sababu tofali ziliisha. Rudisha tundu, weka wavu wa mbu.

#11 Fundi Mzee, Magongo
Ngojeni! Simiti imegusa bati? Hapo pana ugonjwa mwingine. Simiti mbichi hula zinki, na bati lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki huliwa haraka zaidi. Nenda ukatazame pale mlipoziba. Ukiona unga mweupe au bati limekuwa na vijitundu kama ncha ya sindano, jua imeanza. Na waliokata bati kwa mashine ya cheche juu ya paa, zile cheche zikianguka huunguza rangi na kuacha nukta, na kila nukta ni kutu ya mwakani. Bati hukatwa kwa mkasi.

#12 Juma Geji
Kwani si ungeweka geji 32 tangu mwanzo? Ni nene zaidi ya 30.

#13 Fundi Mzee, Magongo
Ndugu, hapana. Geji huenda kinyume: nambari ikipanda, bati linakonda. 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Karibu na bahari mimi hushauri 28 mtu akiweza. Jina lako linakudai ujue hili!

#14 Juma Geji
Nimesahihishwa mzee, ahsante. Sasa nimeelewa kwa nini ile 32 ilikuwa rahisi.

#15 Bi Mkubwa wa Kuze
Wanangu nawasikiliza. Nyote mwasema msumari na jasho, hakuna aliyetaja chumvi.

Huu ni wakati wa kusi. Upepo watoka baharini na chumvi yake, walala kwenye kila kitu. Tazameni chumvi ya mezani nyakati hizi: ukiiacha wazi usiku, asubuhi imelia, yashikana. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Sasa bati lako, mwanangu Baba Zuhura, chini yake halijaoshwa na mvua hata siku moja tangu lipigwe. Juu mvua huosha, chini nani aoshe? Chumvi ya miaka yote iko pale. Usiku unyevu ukiingia, chumvi yalia, bati lalia. Lionje tone. Likiwa na chumvi, nikumbuke.

Kwetu Mji wa Kale paa la asili halikuwa bati, ni sakafu ya boriti na mawe na chokaa. Boriti za mkoko zilipangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikapondwa na kupondwa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Paa hilo halikaguliwi kutoka juu peke yake. Waingia chumbani, watazama juu pale boriti inapoingia ukutani, maana huko ndiko huanza kuoza, kichwa chake kimefungiwa ndani ya ukuta unyevu. Chukua bisibisi uchome. Boriti nzima itakukatalia. Iliyokufa, bisibisi yaingia kama kwenye mkate wa mofa, na utaona unga wa kahawia umemwagika. Baada ya mvua za Elnino ya 1997 niliichoma ya chumba cha mamangu, bisibisi ikazama mpaka mpini. Tulilala kwa jirani wiki tatu.

Na msiweke simiti juu ya chokaa. Simiti huzuia chokaa kupumua, maji yakaingia kwenye ufa mmoja hayatoki tena, yaenda kwenye boriti. Mji wa Kale ni turathi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kabla ya kubadilisha paa nendeni mkawaulize, wana watu wanaojua kazi ya chokaa.

#16 Mama Pacha, Bamburi
Shikamoo Bi Mkubwa. Hili la kichwa cha boriti nimelikopi nimtumie shemeji yangu aliyenunua nyumba Ndia Kuu.

#17 Mtoto wa Pwani, Ontario
Habari za nyumbani. Nisaidie upande wa Mwalimu, maana huku Kanada jambo hili ni la kila mwaka. Theluji ikimaliza, Machi na Aprili, kila mtu anakagua paa. Kuna ugonjwa wa barafu kwenye ukingo: joto la nyumba linayeyusha theluji ya juu, maji yanateremka hadi kwenye ukingo uliopoa, yanaganda upya na kuwa kama boma. Maji yanayofuata yanazuiwa na boma hilo, yanarudi nyuma na kuingia chini ya vigae. Kwa hiyo watu hutazama ukingo na gata kwanza.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Mwaka wangu wa kwanza huku, siku ya kwanza ya joto, dari ikaanza kudondosha maji na nje kulikuwa na jua. Nikajua paa limetoboka. Kumbe unyevu wa nyumba ulipanda darini majira yote ya baridi, ukaganda chini ya mbao za paa, na siku ya joto ukayeyuka wote pamoja. Tundu halikuwapo. Kilichokosekana ni hewa kupita. Tulisafisha matundu ya hewa ya ukingoni yaliyokuwa yamezibwa, na mwaka uliofuata hapakuwa na tone.

#18 Kijana wa Likoni
Kwa hivyo Kisauni na Kanada ugonjwa ni mmoja!

#19 Mzee wa Makuti, Mtwapa
Wote hao wangepiga makuti wasingekuwa na jasho. Makuti hayatoi jasho.

Ila nayo yana ukaguzi wake. Ingia ndani mchana, funga madirisha, tazama juu. Ukiona nyota, pameliwa. Nje tazama mteremko: makuti yanataka paa lisimame, maji yakimbie. Paa la makuti lililolala huoza kabla ya wakati wake. Tazama pale kivuli cha mwembe kinapoanguka, huko hakukauki, majani yamegeuka meusi na yanapukutika ukiyafinya. Na tazama kamba na fito, si kuti peke yake. Kuti zuri kwenye fito iliyoliwa na mchwa ni kazi bure.

Adui mkubwa ni kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka Bara Hindi. Wanachomoa kuti wakajengee, na wakijua paa lako halina mlinzi wanakuja ukoo mzima.

#20 Mama Pacha, Bamburi
Kunguru hata kwenye bati wana madhara. Ndani ya gata yangu nilitoa mifupa ya kuku, waya, kijiko cha plastiki na soksi moja ya mtoto. Gata likiziba, maji yanapanda nyuma na kuingia ukutani. Mtu anaona ukuta umelowa anadhani ni paa.

#21 Mpangaji wa Changamwe
Samahani kuingilia. Tunapoishi, nyumba za zamani, paa si bati wala kigae. Ni shiti nene za kijivu zenye mawimbi, zimeota ukungu mweusi. Mwenye nyumba ataka tupande tuzisugue kwa brashi ya waya kisha apake rangi. Ni sawa?

#22 Fundi Mzee, Magongo
USISUGUE. Ndugu yangu, shiti ya kijivu nene kwenye nyumba ya zamani mara nyingi ni asbesto. Ikiwa nzima na haijaguswa ina afadhali. Ukiisugua, ukiitoboa, ukiikata, inatoa nyuzi ndogo usizoziona, ukizivuta zinakaa mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, huja baada ya miaka mingi. Pia usipande juu yake, huvunjika ghafla bila kutoa mlio. Kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, haitupwi kwenye jaa la mtaa. Mwambie mwenye nyumba kwa adabu, lakini watoto wasicheze chini ya vipande vilivyoanguka.

#23 Mpangaji wa Changamwe
Ahsante mzee. Vipande vipo nyuma ya jiko kweli. Naenda kuwazuia watoto sasa hivi.

#24 Juma Geji
Na maji ya paa mnayakinga? Nyumba ya mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20 ni lita 1,200, toa kidogo yanayopotea. Kwa jinsi mfereji wetu ulivyo, hayo ni maji ya wiki. Ila ya mwanzo yamwageni, yamebeba uchafu wa kunguru. Hesabu hii nina hakika nayo, Fundi.

#25 Fundi Mzee, Magongo
Hii umepata. Kutoka paa la asbesto au paa lililopakwa lami, mimi singeyanywa.

#26 Baba Zuhura
Jamani nimerudi. Jumapili nilipanda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mke wangu kashika ngazi. Nawaeleza nilichokiona.

Misumari: nilihesabu upande wa sebule, 140. Iliyoinuka 23. Duara la rangi ya chai nililiona wazi kama Fundi alivyosema, na kwenye misumari minne raba haipo kabisa, imebaki kama jivu. Ukingo wa upande wa kusi una kutu kuliko upande mwingine, tofauti unaiona hata kutoka chini ukishajua pa kutazama. Pale penye simiti pana unga mweupe urefu wa mkono. Vijitundu sikuviona.

Kipimo cha Mwalimu: nilifuta chini ya bati mahali pawili usiku. Alfajiri, cha sebuleni kilikuwa na matone madogo kote, kama upele, tochi ikapiga yakang'aa. Cha karibu na jikoni kilikuwa kikavu isipokuwa penye misumari mitatu, hapo palirowa.

Na Bi Mkubwa, nimelionja tone la sebuleni. Lina chumvi. Si kidogo.

#27 Mwalimu wa Tudor
Matone kote sebuleni. Jasho.

#28 Fundi Mzee, Magongo
Misumari mitatu jikoni imerowa na mvua haipo. Umande wa juu ya bati unapita tundu la msumari, na hata sebuleni huwezi kusema hautoki huko kisha ukasambaa. Na 23 kati ya 140, Mwalimu, hao si wachache.

#29 Bi Mkubwa wa Kuze
Mwanangu kasema lina chumvi. Jasho la pumzi za watu haliwi na chumvi.

#30 Mwalimu wa Tudor
Bi Mkubwa, shikamoo. Pumzi haina chumvi, ila tone likiteremka juu ya bati lenye chumvi huibeba. Chumvi ipo, sikatai, na huenda inafanya jasho lianze mapema zaidi usiku. Lakini bila kuziba zile nafasi, upepo ungelikausha.

#31 Bi Mkubwa wa Kuze
Marahaba. Basi lioshwe kwa maji matamu chini yake, tuone. Kitambaa na ndoo, hakuna gharama.

#32 Baba Zuhura
Nimeamua hivi. Jumamosi natoa misumari 23 ya upande wa sebule, naweka skrubu zenye raba. Upande wa jikoni sitaugusa kwanza, nilinganishe. Simiti naivunja iliyogusa bati, nafungua matundu manne yenye wavu, mawili upande wa kusi na mawili upande wa pili ili hewa ipite. Chumba cha wageni sitafungua kitu, nitakiosha tu chini ya bati kama alivyosema Bi Mkubwa. Wiki mbili kisha nawaletea majibu. Kinachonikwamisha ni ngazi, hii niliyoazima haifiki rijisi, pale juu kabisa paa linapokutana, na mwenyewe anaitaka Alhamisi.

#33 Kijana wa Likoni
Ninayo ya alumini, ya kukunjuka, inafika. Nitaivusha kwa feri ya asubuhi Jumamosi kabla umati haujajaa. Nipe jina la steji ya kushukia Kisauni, na kamba ya kuifunga juu uwe nayo wewe.